Aliyeitikia Marahaba

Inspekta Bartolomayo Ndahani alilitazama jabali kuanzia chini hadi juu, kisha akatema mate pembeni.

"Nyuma kuna njia?"

"Ipo, afande," alijibu Koplo Anitha. "Wanapita mbuzi. Nimepanda na kushuka, hata jasho sijatoa."

"Na hawa wakapita mbele."

"Wakapita mbele."

Jabali lenyewe wenyeji wa nyuma ya Ihumwa huliita Ng'ombe Kalala. Upande mmoja limelala kama mgongo wa ng'ombe anayecheua, mtoto anaweza kukimbia mpaka juu huku akila muwa. Upande wa pili limekatika wima kama ukuta wa ghorofa. Ni upande huo ambao Jiten, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, alikuwa akiupanda Jumapili, na ni upande huo alikoanguka mpaka chini. Watu watatu walikuwa wametoka naye mjini. Mmoja wao, Khalidi, kijana wa Kondoa aliyeuza dukani kwa marehemu na kumshikia kamba siku za mapumziko, alikuwa mahabusu tangu jioni ile. Jalada lake lilitakiwa kwa wakili wa Serikali leo kabla ofisi hazijafungwa, na juu yake paliandikwa mauaji. Kesi ya mauaji haina dhamana. Khalidi akishapelekwa gereza la Isanga kwa neno hilo, angekaa huko akingoja kesi mpaka mama yake aanze kumsimulia kama marehemu.

Aliyewaonyesha njia alikuwa Hanif, mwingine wa wale watatu, mtoto wa Mzee Sultanali, mfanyabiashara wa matairi. Alivaa miwani ya jua, viatu vya rangi ya chungwa, na saa kubwa ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, ilimpimia mapigo ya moyo.

"Nieleze taratibu," alisema Ndahani. "Mimi kazi yangu ni wezi wa mifugo. Vitu vya kupanda ukuta sivijui."

Hanif akaeleza. Anayepanda anafungwa kamba kiunoni. Kamba inakwenda juu, inapita kwenye pete ya chuma iliyofungwa kileleni, inarudi chini kwa mshikaji. Mshikaji anaipitisha kwenye chuma cha breki kilicho tumboni kwake. Aliye juu akiteleza, breki inabana kamba, naye ananing'inia salama. Mkono wa mshikaji hauachi kamba hata nyuki akimwuma.

"Hiyo pete kileleni aliifunga nani?"

"Mimi na Jiten, asubuhi ile."

"Mlipitia wapi?"

"Kule nyuma."

"Kwa mbuzi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mlishafika juu," alisema Ndahani.

"Tulifika."

"Mkashuka, ili mpande tena."

Hanif alitabasamu kama mtu anayemvumilia mtoto. "Huo ndio mchezo, Inspekta. Watu wanadhani sisi vichaa. Sisi tunapima. Hatari unaiweka huku, tuzo unaiweka huku. Tuzo ikizidi, unapanda. Hatari ikizidi, unarudi nyumbani."

"Tuzo yenyewe ni nini?"

"Ile hali ukifika juu. Huwezi kuielewa mpaka uipate."

"Mbuzi nao wanaipata?"

Anitha akakohoa, akageukia upande wa pili.

"Haya, Jumapili," alisema Ndahani. "Nani alishika kamba?"

"Khalidi. Nimeshasema na kuandikisha. Mimi nilikwenda kwenye gari kuchukua maji. Afroz, yule dada tuliyekuja naye, alikuwa huko pembeni anapiga picha za pimbi. Jiten alikuwa amesimama kwenye kijukwaa pale juu, unakiona? Alikuwa anapumzika. Alipotaka kuendelea akaita 'Shika!', Khalidi akaitikia 'Marahaba!', Jiten akaegemea kamba. Hakukuwa na kamba."

"Marahaba?"

"Utani wetu. Jiten ndiye aliyeuanzisha. Anayepanda akitaka kamba ikazwe anaita 'Shika', sasa ikawa kama anataka kusema shikamoo, kwa hiyo aliye chini anaitikia marahaba. Tukacheka, ikabaki hivyo. Jiten akaifanya kuwa sheria: usiegemee kamba mpaka umesikia marahaba."

"Na Khalidi aliitikia."

"Kama kawaida yake. Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Kisha akamwachia. Walikuwa wamegombana dukani juzi yake, muulizeni mama yake Jiten."

"Koplo, umeandika?"

"Nimeandika, afande. 'Khalidi aliitikia marahaba kama kawaida yake.'"

"Mpe asaini."

Hanif akasaini kwa madaha, akauliza kama anaweza kwenda. Ndahani akamwomba kwanza amwonyeshe gari lilipoegeshwa. Lilikuwa ng'ambo ya shamba la mtama uliokwishavunwa, chini ya mgunga, mahali ambapo jabali lilionekana nusu tu. Inspekta akasimama pale, akampungia mkono Anitha aliyekuwa ameachwa mguuni pa jabali. Anitha akaweka viganja mdomoni, kifua kikapanda na kushuka. Ndahani alisikia upepo ukipita kwenye mabua, na kenge akikimbia, basi.

"Ameita nini?" alimwuliza Hanif.

"Siku ile hapakuwa na upepo."

"Dodoma? Mwezi huu?"

Hanif akaingia kwenye gari lake, akafunga mlango.

"Tumemnasa?" Anitha aliuliza alipomfikia, akihema.

"Tumenasa upepo. Wakili wake atasema siku ile ulilala. Twende tukamwone mshikaji."

*

Kituoni, mkuu wa upelelezi, Mrakibu Tumsifu, alikuwa amesimama mlangoni kwake na kikombe cha chai.

"Bartolomayo, jalada."

"Bado, afande."

"Bado nini? Mtu anashika kamba, mtu anakufa. Mwangalie viganja! Kamba imemchoma viganja vyote viwili, daktari ameandika. Kama hakushika yeye, nani kamchoma? Mama wa marehemu amekaa pale kwangu tangu asubuhi, hali wala hanywi. Mzee Sultanali naye amepiga simu mara ngapi sijui."

"Mzee Sultanali hakuwa jabalini. Anapigia nini?"

"Ni raia mwema. Kabla ya saa tisa, Bartolomayo."

Khalidi aliletwa akiwa peku. Alipoingia alisema shikamoo kwa Ndahani. Akasema shikamoo kwa Anitha, ambaye hakumzidi sana umri. Alipopishana na mzee anayefagia korido, naye alimwamkia, na mzee akaitikia bila kuacha ufagio. Ndahani alishawahi kuona mahabusu wengi wenye adabu za ghafla, akawa anamtazama kwa jicho la kuchoka.

"Viganja," alisema.

Khalidi akavifungua. Ngozi ilikuwa imechunika kwa mstari mmoja mpana, kushoto na kulia.

"Ulikuwa umeshika kamba."

"Niliidaka, afande. Nilikuwa natoka kwenye gari na dumu la maji. Nikaona kamba inakimbia juu peke yake, kama nyoka. Nikatupa dumu nikaidaka. Haikusimama. Ilikuwa imebaki kidogo tu."

"Hanif anasema yeye ndiye alikwenda kwenye gari."

"Najua anavyosema. Nilimkabidhi kamba mkononi. Kaka Jiten alikuwa amesimama anapumzika, akaniambia kutoka juu, Khalidi nenda kalete maji, mpe Hanif kamba. Nikajifungua ile breki nikampa, nikamwambia, kaka Hanif, jifunge breki kwanza. Akasema nenda wewe, najua."

"Alijifunga?"

"Sikugeuka nyuma. Nilitumwa maji."

"Ulisikia Jiten akiita?"

"Ukiwa kule kwenye gari husikii kitu."

Ndahani na Anitha hawakutazamana.

"Mligombana nini dukani?"

"Nilimuuzia fundi mabati yenye kutu, kaka akanifokea. Alikuwa na haki. Jioni akanipa maandazi ya mama yake."

Wauaji wengi huwa na jibu zuri kama hilo. Ndahani akainama mbele.

"Tuseme uongo wako ni kweli. Sasa twende Jumapili nyingine, siku ulizoshika wewe. Jiten akiita 'Shika', wewe unajibu nini?"

"Naam."

"Naam nini?"

"Naam, kaka. Nimeshika."

"Si mnajibu marahaba?"

Khalidi akatazama sakafu. "Wao wanajibu. Mimi siwezi."

"Kwa nini huwezi? Ni utani."

"Ni utani kwao, afande. Kaka Jiten kanizidi miaka mingi, na ndiye aliyenipokea mjini. Mimi nimwitikie marahaba? Kwetu hilo neno hulipokei kutoka kwa mkubwa wako hata mkiwa mnacheza. Mama angesikia angenichapa na huu ukubwa wangu. Kaka alinitania sana, akachoka. Ikawa kwangu ni naam."

"Wote wanalijua hilo?"

"Kaka Jiten analijua. Dada Afroz nadhani analijua. Kaka Hanif..." Alifikiri. "Kaka Hanif huwa haongei na mimi. Huwa ananiambia tu niweke wapi mizigo."

Ndahani akasimama ghafla mpaka kiti kikaanguka. "Koplo, funguo za gari."

*

Afroz alikuwa na duka la dawa Ipagala. Waliingia nyuma ya mama aliyenunua dawa ya minyoo, wakangoja aondoke. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na hakuwakaribisha viti.

"Nimeshatoa maelezo," alisema.

"Umeeleza kwamba marehemu aliita akaitikiwa, kisha akaanguka. Askari aliyekuandika alikuwa na haraka ya kwenda kula. Hakukuuliza aliitikiwa neno gani."

"Marahaba."

"Una hakika?"

"Nilikuwa nyuma ya kona ya jabali, nimelala kifudifudi nawasubiri pimbi watoke. Nilisikia vizuri. Shika. Marahaba. Kisha..." Akakamata ukingo wa meza. "Kisha lile jingine."

"Sauti ilikuwa ya nani?"

"Jabali linarudisha sauti, zote zinakuwa moja. Ya mwanamume. Nani tena? Khalidi ndiye hushika."

"Dada Afroz, Khalidi huitikia marahaba?"

Nje bodaboda ilipita ikipiga honi. Afroz aliivuta simu yake kutoka mfukoni mwa koti, akaanza kusogeza kidole, akapitisha pimbi, akapitisha machweo, akapitisha chapati walizokula jabalini, akafika kwenye video. Akaiweka simu mezani wote waione.

Jiten alionekana kwa mgongo, amebandikwa ukutani kama mjusi. "Shika!" aliita. Kutoka chini ya picha ikaja sauti ya Khalidi: "Naam, kaka, nimeshika!" Jiten akacheka bila kugeuka. "Sema marahaba, bwana! Leo mimi mdogo wako!" "Aah, kaka, usinitafutie laana. Panda!"

Akafungua nyingine. Naam, kaka. Akafungua ya mwezi uliopita. Naam. Katika moja Hanif ndiye aliyeshika, na marahaba yake ilikuwa ndefu, ya kuvuta, ya mtu anayefurahia kuamkiwa.

Afroz alikaa chini kwenye katoni ya maji ya chumvi.

"Jiten angesikia marahaba asingedhani ni Khalidi," alisema polepole. "Angejua kamba iko kwa Hanif."

"Na ndiyo maana hakushangaa," alisema Ndahani. "Alimtuma Khalidi maji mwenyewe. Aliitikiwa na aliyemtegemea aitikie. Akaegemea."

"Hanif alinishika mkono pale pale, Jiten hajafunikwa hata kitambaa. Akaniambia, umeona alichofanya huyu mshenzi? Nikaamini. Nimekaa karibu na mama Shantaben, mama yake Jiten, siku zote hizi nikimwambia Khalidi, Khalidi." Akafuta uso kwa mkono wa koti. "Chukueni simu. Chukueni yote."

*

Hanif alikuja kituoni bila wakili. Baba yake alikuwa amemhakikishia kwamba anaitwa kusaini tu. Alikaa, akavua miwani, akaiweka juu ya meza ya Ndahani kana kwamba meza ni yake.

"Nimebakiza wapi kusaini?"

"Kwanza tutazame sinema," alisema Ndahani.

Anitha akaonyesha ya kwanza. Hanif aliitazama akitingisha mguu. Akaonyesha ya pili. Mguu ukaacha kutingishika. Ilipofika ya tatu Hanif alisema, "Haya, nini sasa?"

"Mimi ndiye nakuuliza. Kawaida ya Khalidi ni ipi?"

"Labda siku ile alibadilisha. Alikuwa na lake moyoni."

"Mtu anayeogopa laana ya mama yake kuliko jela, akachagua siku ya kuua ndiyo aanze utani?"

"Sijui watu kama wale wanavyofikiri."

"Hilo nalikubali," alisema Ndahani. "Hujui. Mmeshinda naye jabalini mwaka mzima. Amebeba kamba zako, amebeba maji yako, amekushikia roho yako chini huku wewe ukitafuta ile hali. Hukuwahi kusikia anavyojibu. Ulikuwa unamsikia kama mtu anavyolisikia jokofu dukani. Linanguruma, basi. Ulipohitaji kumtungia maneno, ukamvisha ya kwako."

"Inspekta, angalia unavyosema."

"Naangalia. Ulisema ulisikia ukiwa kwenye gari. Kwenye gari hasikii mtu. Ulisema aliitikia marahaba. Aliyeitikia marahaba ni mmoja pale chini, sauti ni ya mwanamume, na Afroz hana ndevu. Ulikuwa unafanya nini na mikono yako, Hanif? Breki ulikuwa umeivaa?"

Hanif alitazama saa yake. Ilikuwa inawaka namba nyekundu zikiruka ruka. Akaifunika kwa mkono wa pili.

"Mimi sikuja hapa kubishana," alisema mwishoni. "Mimi ni mtu wa kupima mambo. Niulize kitu kimoja, kwa faida yangu tu. Tuseme mtu hakukusudia. Tuseme alijua mwenzake amesimama vizuri, hawezi kuanguka, uwezekano ni mdogo kabisa, akawa anapiga picha mara moja kabla ya kuvaa breki. Mwenzake akaita, yeye mdomo ukajibu wenyewe, kwa mazoea. Hiyo ni kuua bila kukusudia, sivyo? Inaweza kuwa miaka mingapi?"

Kalamu ya Anitha ilikuwa imesimama. Ndahani akampa ishara aendelee.

"Mtu asiyenunua haulizi bei," alisema Inspekta.

"Nimesema tuseme."

"Picha ya nini?"

Hanif akaigeuza miwani yake mezani.

"Nimekuuliza picha ya nini. Ulisema tuzo inawekwa upande mmoja. Nataka kuiona hiyo tuzo."

"Mimi," alisema Hanif. Sauti ilikuwa imeshuka. "Mimi chini, na Jiten juu nyuma yangu. Mwanga ulikuwa mzuri."

Ndahani akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, kama mtu aliyekuta mende kwenye chai.

"Nimekamata watu walioua kwa ajili ya shamba. Wameua kwa ajili ya mwanamke, kwa ajili ya ng'ombe. Nikawachukia, lakini niliwaelewa. Wewe umeacha kamba kwa ajili ya uso wako. Na hilo nalo ningeliita ujinga, ungelia, ungeomba radhi kwa mama wa watu, ungehukumiwa kijinga. Ila ukakaa pale chini, rafiki yako hajapoa, ukapima tena. Huku wewe na jina la baba yako. Huku mtoto wa mkulima wa vitunguu asiye na wa kumpigia simu. Ukaona hatari ni ndogo, tuzo ni kubwa. Sema nimekosea."

"Yeye asingefungwa muda mrefu," alisema Hanif. "Baba alisema tungeisaidia familia yake."

"Andika na hilo, Koplo. Neno kwa neno."

Mrakibu Tumsifu alikuwa amesimama mlangoni tangu katikati, chai imepoa mkononi. Alichukua jalada mezani, akalikata lile neno mauaji kwa kalamu nyekundu, akaondoka, safari hii bila kutaja saa tisa.

Kaunta ilikuwa na watu wawili kwa wakati mmoja, mmoja anatoka, mmoja anaingia. Khalidi alirudishiwa ndala zake na simu iliyopasuka kioo. Hakuuliza kilichotokea. Aliuliza, "Kaka Jiten wameshamchoma, kama dini yao inavyotaka?"

"Jana," alisema Anitha.

Kijana akakaa kwenye benchi akiwa ameshika ndala mkononi, akalia pale pale mbele ya watu, bila kujificha. Alipomaliza alisema anataka kwenda kwa mama Shantaben, lakini anaogopa.

"Yuko ofisini kwa mkuu," alisema Anitha. "Nitaingia mimi kwanza. Nikimaliza kuongea naye, nitakuita. Ukiona anakupiga, mwache akupige kidogo."

Wakaondoka wote wawili kuelekea ule mlango.

Upande wa pili askari wa zamu alikuwa anamwandikisha Hanif. Saa, weka hapa. Miwani, weka hapa. Kamba za viatu, toa. Mkanda, toa. Suruali yake ilikuwa ya kisasa, pana kiunoni, na mara mkanda ulipotoka ikaanza safari. Aliidaka kwa mkono mmoja, ikateleza upande wa pili, akaidaka kwa mkono mwingine. Alisimama pale amejikunyata, viatu vya chungwa vimefunguka midomo.

"Inspekta," alisema, "mwambie anipe basi hata kamba. Yoyote tu. Nitaingiaje mle hivi?"

Ndahani alikuwa anatafuta kofia yake. Aliipata chini ya meza, akaipangusa vumbi gotini.

"Humo ndani kamba haziruhusiwi," alisema. "Watu wanaweza kuumia."